Dhahabu, Ini na Marudio: Mjadala juu ya Chembe za Nano na Saratani ya Titi

Chembe ya nano ni kipande cha maada ambacho upana wake huhesabiwa kwa nanomita, yaani sehemu ya bilioni moja ya mita, na kwa kawaida hauzidi nanomita 100, ilhali unywele mmoja wa kichwani una upana wa nanomita zipatazo 80,000. Chembe hiyo ikivikwa kingamwili, ambayo ni protini inayoshika kitu kimoja na kuviacha vingine vipite, huitwa chembe yenye shabaha, kwa kuwa inatarajiwa kusafiri katika damu hadi ikutane na seli ya saratani na kuing’ang’ania. Na ikiwa imebeba vitu viwili au vitatu vinavyoonekana kwa mashine tofauti, picha za mashine hizo zinaweza kuwekwa moja juu ya nyingine na kusomwa kwa pamoja, jambo ambalo wataalamu huliita picha mseto.

Suala linalojadiliwa hapa ni kama chembe hiyo ina neno lolote la maana kwa mwanamke wa Runzewe. Runzewe ni mji mdogo wa biashara katika Wilaya ya Bukombe, kwenye barabara kuu itokayo Kahama na Ushirombo kuelekea Nyakanazi, katika eneo lililokuwa sehemu ya Mkoa wa Shinyanga hadi Mkoa wa Geita ulipoundwa mwaka 2012, na wakazi wake, wengi wakiwa Wasumbwa na Wasukuma, huishi kwa mahindi, mpunga, ng’ombe na dhahabu. Saratani ya titi ni ya pili kwa wingi miongoni mwa saratani za wanawake wa Tanzania, ikitanguliwa na ile ya mlango wa kizazi, na duniani kote ilikadiriwa kuwapata watu milioni 2.3 na kuwaua 685,000 katika mwaka 2020 pekee. Mjadala umeundwa kwa sauti tatu ambazo si za watu fulani waliowahi kukutana: Mtafiti wa fizikia ya picha za tiba, Muuguzi wa kituo cha afya, na Mchenjuaji, yaani mwenye kazi ya kutenganisha dhahabu na mchanga uliosagwa.

Mtafiti anaanza na udhaifu wa kila mashine ikiwa peke yake, kwa kuwa hoja yake yote imesimama juu ya udhaifu huo. Mamografia, ambayo ni picha ya eksirei ya titi lililobanwa kati ya vibao viwili, huonyesha uvimbe vizuri pale titi lilipojaa mafuta, lakini titi la mwanamke kijana, ambalo tishu zake za maziwa zimeshonana, hutoka jeupe lote, na uvimbe, ambao nao ni mweupe, hupotelea humo. Jambo hili si dogo kwa Afrika Mashariki, ambako wagonjwa kwa wastani wana umri mdogo kuliko wenzao wa Ulaya. MRI, mashine inayopiga picha kwa sumaku kubwa na mawimbi ya redio, huchora nyama laini kwa undani, ila dawa ya kuangazia ni lazima iwe nyingi ndipo ionekane. PET, ambayo hunasa miali itokayo katika dawa yenye mionzi iliyodungwa mwilini, huona kiasi kidogo mno cha dawa hiyo, lakini picha yake ina ukungu wa milimita kadhaa. Rangi ing’aayo inaweza kumwonyesha daktari wa upasuaji ukingo wa uvimbe wakati kisu kiko mkononi, ingawa mwanga wake hauwezi kupenya nyama nene. Kwa hiyo, anasema Mtafiti, chembe moja yenye kiini cha oksidi ya chuma kwa ajili ya MRI, isotopu yenye mionzi kwa ajili ya PET na rangi kwa ajili ya chumba cha upasuaji humpa daktari uhakika kwamba doa linaloonekana katika picha tatu ni doa lilelile.

Wala hasemi ndoto. Mwaka 2007 kundi la Jinwoo Cheon wa Korea Kusini lilichapisha picha za MRI za panya ambamo chembe za sumaku zilizovikwa kingamwili zilionyesha uvimbe mdogo wenye HER2, kipokezi kinachokaa juu ya seli na kuiamuru ikue, ambacho hujazana kupita kiasi katika saratani za titi zipatazo asilimia 15 hadi 20. Mwaka 2014 yakachapishwa matokeo ya chembe za silika zilizobuniwa katika Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, zenye upana wa nanomita 6 au 7, zilizobeba rangi na iodini yenye mionzi. Wagonjwa watano walidungwa, picha za PET zikapigwa, na chembe zikatoka kwa mkojo bila madhara yaliyoonekana.

“Watano, Daktari,” anasema Muuguzi, “na ugonjwa wao ulikuwa upi?”

Ulikuwa saratani ya ngozi, melanoma, na Mtafiti analikubali hilo bila kuzunguka. Muuguzi hamkebehi, bali anataka kipimo cha umbali kati ya panya wa 2007 na titi la mtu, kwa kuwa hoja yake mwenyewe ni ya umbali. Uvimbe wa Runzewe, anaeleza, hugunduliwa na kidole cha mwenye titi wakati wa kuoga, na siku hiyo tayari ni mkubwa kuliko vile ambavyo mashine za Mtafiti zinashindania kuviona; unachokosa ni jina. Mwenye uvimbe hunyamaza kwa sababu hauumi, na ugonjwa usiouma hauhesabiwi kuwa ugonjwa. Akiwa ananyonyesha huambiwa ni jipu na kupewa vidonge vya kuua bakteria, mara ya kwanza na mara ya pili. Mume yuko machimbo mengine, nauli inasubiri mavuno au inamsubiri yeye, na mganga wa kienyeji yuko karibu na anakubali kulipwa kidogo kidogo. Ndiyo maana sehemu kubwa ya wagonjwa wa Tanzania hufika hospitali ugonjwa ukiwa katika hatua ya tatu au ya nne, yaani umekwisha kuvamia ngozi au tezi za kwapani kwa wingi, au umehamia katika mifupa, mapafu au ini.

Hata baada ya rufaa, safari ndefu zaidi si ya mgonjwa bali ya kinyama, kipande kidogo cha uvimbe kinachotolewa kwa sindano nene ili mwanapatholojia akiangalie kwa hadubini. Kinyama hicho kinapaswa kutumbukizwa mara moja katika fomalini iliyokizidi wingi mara kumi au zaidi, kwa sababu kikiachwa kikavu, au katika maji ya chumvi kwa siku kadhaa, huoza na hakisomeki tena. Hata namna ya kuandika jina ina madhara yake, kwani wino wa kalamu ya kawaida huyeyuka kemikali za maabara zinapoumwagikia, ilhali penseli haifutiki, na jina likifutika mgonjwa anarudi mwanzo. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wa kupunguza vifo vya saratani ya titi, na miongoni mwa shabaha zake ni kwamba asilimia 60 ya saratani vamizi zigunduliwe zikiwa hatua ya kwanza au ya pili, na uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa alipofika mara ya kwanza. Muuguzi anauliza ni siku ngapi kati ya hizo 60 zitakazopunguzwa na chembe inayohitaji MRI na PET, wakati Afrika Mashariki nzima mashine za PET zinahesabika kwa vidole.

Mtafiti anajibu kwamba dhana zote za tiba zilianzia mbali. Trastuzumab, kingamwili inayoizuia HER2, iliidhinishwa Marekani mwaka 1998 ikionekana dawa ya matajiri, na mwaka 2015 ikaingizwa katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Jibu hili ni zuri, ila lina tundu, kwa maana miaka 17 ya kusubiri orodha si jambo la kujivunia mbele ya mtu mwenye uvimbe, na orodha yenyewe haikubebei dawa hadi Ushirombo.

Hapo ndipo Mchenjuaji, ambaye hadi sasa alikuwa akisikiliza tu, anapouliza swali ambalo kwa kweli lilipaswa kuulizwa mwanzoni. Ameelewa kingamwili kwa kuilinganisha na zebaki, ile metali ya majimaji inayokamata dhahabu katika mchanga na kuacha mawe yapite. Lakini katika kazi yake mtu hasifiwi kwa kuwa na zebaki, huulizwa amekamata kiasi gani. “Katika hizo zinazodungwa,” anauliza, “zinazofika kwenye uvimbe ni ngapi?”

Mwaka 2016 watafiti wa Toronto wakiongozwa na Warren Chan walikusanya matokeo ya tafiti za miaka kumi zilizofanywa kwa wanyama na kukuta kwamba kipimo cha kati ni asilimia 0.7, yaani katika kila chembe 1,000 zilizodungwa, saba tu zilifika, na kuvikwa shabaha hakukubadili hali hiyo kwa kiasi kikubwa. Sababu zake zinaeleweka vizuri. Chembe iliyo chini ya nanomita 6 hivi huchujwa na figo na kutoka, na kubwa zaidi humezwa na seli walinzi wa ini na wengu, ambazo kazi yake ni kusafisha damu na haziulizi kama mgeni ni bakteria au dawa. Tena chembe ikiingia tu katika damu hufunikwa na protini za damu zenyewe, kama sufuria inavyoshika masizi, na watafiti wa Dublin walionyesha mwaka 2013 kwamba taji hilo la protini linaweza kuifunika kabisa molekuli ya shabaha, ikawa shabaha imebaki katika karatasi ya utafiti na chembe inazurura bila macho.

“Basi ini ndilo rundo la marudio,” anasema Mchenjuaji. Marudio ni mchanga uliokwisha kupitishwa katika zebaki, na kila anayeishi kwa dhahabu katika ukanda wa Geita anajua kwamba hilo ndilo rundo linalogombaniwa, kwa sababu dhahabu iliyoishinda zebaki humo huchenjuliwa upya kwa sayanaidi. Anajua pia kwamba zebaki iliyopotea haikuondoka, ipo humohumo ikisubiri mvua iipeleke mtoni. Kwa hiyo anataka kujua marudio ya ini yanakwenda wapi. Kuhusu chuma jibu linatuliza, kwa kuwa mwili huvunja oksidi ya chuma polepole na kuiingiza katika akiba yake ya kutengenezea damu. Kuhusu chembe za dhahabu, ambazo nazo hujaribiwa, halitulizi sana, kwa kuwa dhahabu haiozi wala kuvunjwa, na chembe zake zikishamezwa na ini hukaa muda mrefu.

Mtafiti anasimamia jambo moja ambalo ni haki yake kulisimamia. Asilimia 0.7 ni aibu kwa dawa inayokusudiwa kuua uvimbe, lakini picha haihitaji wingi, bali tofauti. Doa likiwa na chembe mara tano kuliko nyama iliyolizunguka, jicho litaliona hata kama ini limebeba zilizobaki zote, isipokuwa, bila shaka, pale kinachotafutwa kipo katika ini lenyewe. Hoja hii ni sahihi kisayansi, na wapinzani wa chembe za nano huipita haraka mno.

Muuguzi sasa anabadili uwanja. Kuna chembe ya nano yenye shabaha, anasema, ambayo imekwisha kufika Runzewe miaka mingi iliyopita, na hakuna aliyeipigia ngoma. Katika kipimo cha haraka cha malaria tone la damu ya kidole huwekwa katika kidirisha cha kiplastiki, matone ya dawa huongezwa, na baada ya dakika 15 au 20 mstari mwekundu hujitokeza, au haujitokezi. Katika vipimo vingi vya namna hiyo wekundu ule ni dhahabu. Michael Faraday alieleza mjini London mwaka 1857 kwamba dhahabu iliyogawanywa ikawa vipande vidogo mno katika maji haiwi ya manjano tena, bali huwa nyekundu kama rubi. Leo inafahamika kwamba elektroni za uso wa kila chembe hutikiswa na mwanga wa kijani, zikaunyonya, na kuuacha mwekundu upite. Chembe hizo, zikiwa zimevikwa kingamwili, hupanda katika karatasi pamoja na damu, zikaishika protini ya kimelea, kisha zikanaswa mahali pamoja hadi zikawa mstari. Dhahabu iliyomo katika kidirisha haifikii hata elfu moja ya gramu, kiasi ambacho katika soko la madini la Geita hakuna mizani ingekishughulikia, na huja Runzewe katika maboksi kutoka ng’ambo, kwenye ardhi ambayo dhahabu yake husafirishwa kwenda ng’ambo.

Katika jambo hili hoja ya Muuguzi ni nzito kuliko anavyoitamka. Chembe ya kidirisha haikushinda kwa kuwa na shabaha bora, bali kwa kuwa mashine ya kuisomea ni jicho la mtu, umeme wake ni mwanga wa dirishani, na inastahimili joto la kabati la dawa. Chembe ya picha mseto huja na msafara nyuma yake: mashine, fundi, mtaalamu wa kusoma picha, umeme usiokatika na isotopu inayoisha njiani. Wanaoandika juu ya chembe hizi huwa wanapima kingo zake kwa uangalifu mkubwa na kuusahau msafara.

Mtafiti anauchukua mfano wa isotopu ili autumie upande wake. Katika upasuaji wa saratani ya titi iliyo changa, daktari hutafuta tezi mlinzi, yaani tezi ya kwanza ya kwapani inayopokea majimaji yanayotiririka kutoka katika titi; ikiwa haina saratani, tezi nyingine huachwa salama. Njia iliyozoeleka ni kudunga teknetiamu-99m, isotopu ambayo nusu yake huisha kila saa 6, ili kifaa cha kusikilizia mionzi kiifuate. Dawa hiyo ikisafirishwa kwa basi kutoka Dar es Salaam, umbali unaozidi kilomita 1,000, baada ya saa 24 imebaki sehemu moja ya kumi na sita. Badala yake zipo chembe za oksidi ya chuma, zilizoanza kutumika Ulaya na kuidhinishwa Marekani mwaka 2018, ambazo hudungwa karibu na uvimbe, hufuata mkondo wa majimaji hadi kwenye tezi, na hugunduliwa kwa kijiti cha sumaku kinacholia kinapokaribia. Chuma hakiishi muda wake njiani. Chembe hizi hazina kingamwili. Shabaha yao ni njia ya majimaji yenyewe, na tezi mlinzi inayozinasa huonekana kwa kijiti, kwa rangi yake ya kahawia, na hata kwa MRI pale ilipo, kwa hiyo nazo ni za picha mseto bila majivuno.

Thamani ya jambo hili katika ukanda wa dhahabu haihitaji kutiwa chumvi. Mwanamke aliyeondolewa tezi zote za kwapani anaweza kuvimba mkono, majimaji yakikosa njia, na uvimbe huo ukadumu maisha yote. Kwa anayeishi kwa jembe la mkono, au kwa kuponda mawe ya mwamba kwa nyundo kwenye mialo ya kuchenjulia dhahabu, kama wafanyavyo akina mama wengi wa machimboni, mkono uliovimba ni kazi iliyokwisha.

Muuguzi hakubali upesi. Anakumbusha kwamba ipo rangi ya buluu ya bei nafuu inayoweza kuonyesha tezi mlinzi bila sumaku wala mionzi, ingawa ikitumika peke yake huikosa tezi mara nyingi zaidi. Kwamba kijiti cha sumaku husumbuliwa na vyuma vya upasuaji, hivyo huhitaji vifaa vya plastiki. Kwamba chembe huacha doa la kahawia katika ngozi na kuharibu picha za MRI za baadaye. La msingi kuliko yote, tezi mlinzi hutafutwa kwa mgonjwa ambaye kwapa lake bado halina mitoki ya saratani, na huyo ndiye mgonjwa asiyefika. Kwa maneno mengine, hata chembe iliyo nzuri kuliko zote humngoja mtu aliyetumwa mapema na kidole chake mwenyewe. Katika hesabu hiyo, daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025 juu ya ghuba ya Ziwa Viktoria, ambalo limemwondolea msafiri wa Bukombe foleni ya kivuko aendapo hospitali ya Bugando, Mwanza, kwa njia ya Geita, ni kifaa cha uchunguzi wa saratani kama vilivyo vingine, japo halitaandikwa hivyo popote.

Mtafiti, ambaye hapa anastahili sifa kwa kutokasirika, anamtaja Hulda Swai, mwanasayansi wa Tanzania aliyefanya kazi Afrika Kusini katika baraza la utafiti la CSIR na baadaye katika Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha. Yeye alitumia chembe za nano kufungia dawa za kifua kikuu, akianzia kwenye kero ya mgonjwa anayetakiwa kumeza vidonge kila siku kwa miezi, na kutafuta dawa itakayotoka polepole. Basi Mtafiti anamgeukia Muuguzi. “Dada, uvimbe uko mbele yako, na chembe yoyote inaweza kutengenezwa. Ungetaka ipi?”

Muuguzi hataki picha. Anataka kidirisha kama cha malaria, ambacho majimaji ya seli yaliyovutwa kwa sindano nyembamba kutoka katika uvimbe yangewekwa, na mistari miwili ingejitokeza, mmoja wa kipokezi cha homoni ya estrojeni na mwingine wa HER2, ili mgonjwa aondoke Runzewe akiwa na jina la ugonjwa wake badala ya karatasi ya rufaa iliyoandikwa “uvimbe titi la kushoto”.

Mtafiti anaona ugumu mara moja. HER2 haipo katika saratani pekee. Seli nyingi zilizo salama nazo zinayo, ila kidogo, na kinachomfanya mgonjwa apewe trastuzumab ni kuzidi kwake. Mstari unaojitokeza tu haungekuwa na maana, kwa kuwa ungejitokeza kwa kila mtu.

Mchenjuaji hashangai. Katika Bukombe nzima, anasema, hakuna jiwe lisilo na dhahabu, na mtu akipeleka sampuli haulizwi kama imo. Huulizwa ni gramu ngapi kwa tani. Anataka kujua kwa nini wekundu wa mstari usipimwe vivyo hivyo, na Mtafiti anaanza kumweleza, akichora katika ukingo wa daftari, namna kamera ya simu inavyoweza kusoma kina cha rangi, na kwa nini kwanza ni lazima ijulikane ni seli ngapi zilizoingia katika sindano.